Mdaiwa Anapoitisha Kikao

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya alasiri, barazani kwa ami, Kisauni. Si ndugu wa baba yangu, lakini mtaani sote tulimwita ami. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama cha mamangu. Wanawake kumi na wanne, kila mmoja mia mbili kwa wiki, na pesa zote zikikaa kwake kwa sababu alikuwa na sefu, alikuwa mtu wa swala tano, na alikuwa mwenye kiwanja ambacho nusu ya wale wanawake waliweka vibanda vyao. Mamangu ni mmoja wao. Anauza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni.

Ami alianza kwa dua, kisha akasema, "Nimewaita tushauriane." Pesa alikuwa ameshazitumia, amenunua tuktuk. Tuktuk ilikuwa imeegeshwa pale pale nje, bado ina nailoni kwenye viti. Alitaka kujua wanaonaje akizirudisha kidogo kidogo, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na yeye anatoa ahadi mbele ya Mungu kwamba hakuna atakayepoteza hata senti.

Kimya kikapita. Mamangu alikuwa ameinamisha kichwa akichezea ncha ya leso. Angesema nini? Kibanda chake kiko kwenye ardhi ya huyo huyo anayemdai. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyesimama, mama anayenunua samaki kwa jumla na kuwauzia wachuuzi, mwenye nyumba yake na asiyemlipa ami kodi yoyote. Alisema yeye anataka chake, na anakitaka wiki hii. Akakipata. Wengine kumi na watatu walikubali "kushauriwa".

Ndani ya fungu la mamangu mlikuwa na karo yangu ya muhula wa pili, mwaka wa tatu. Sitasema ndiyo sababu pekee iliyonifanya niache chuo, maana nilikuwa na sababu zangu nyingine, zingine za kijinga. Lakini ilikuwa mojawapo. Na kwa miaka kadhaa nimebaki na neno lile kichwani: tushauriane. Mtu ambaye ameshakula pesa zako anakuita kukuuliza maoni. Hiyo inaitwaje?

Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye historia ya Hong Kong.

Sasa hivi naandika kwa kuokoteza, kazi ikija nachukua. Kuna mteja wa ng'ambo aliyetaka makala kuhusu historia ya dola ya Hong Kong, maneno elfu mbili, ndani ya siku nne. Nikakaa nikasoma. Makala yake niliyamaliza na nikalipwa, lakini kuna kipande ambacho hakikuingia kwenye kazi yake na ambacho kilikataa kunitoka. Ni kile kipindi cha kati ya 1967 na 1974, ambapo Uingereza ilikuwa inaishauri serikali ya koloni lake kuhusu dhamana ya akiba. Yaani mdaiwa anamwita anayemdai kikao, na anayemdai ni raia wake.

Nieleze kwanza akiba ni nini, maana hili neno hutupotosha. Tunaposikia nchi ina akiba ya fedha za kigeni, tunafikiria sefu iliyojaa noti. Siyo hivyo. Hong Kong ikiwa na pauni za Uingereza, zile pauni ziko London, zimewekwa kwenye benki au zimenunua hati za deni za serikali ya Uingereza. Kwa maneno mengine, Hong Kong imeikopesha London. Akiba ya mmoja ni deni la mwingine. Na huyo mwenye deni ana uwezo mmoja ambao ami hakuwa nao: anaweza kuamua, siku akiamka, kwamba pauni moja sasa ni kitu kidogo kuliko ilivyokuwa jana.

Hong Kong haikuchagua pauni kwa kupenda. Tangu 1935 sarafu yake ilikuwa imefungwa kwenye pauni, dola 16 za Hong Kong kwa pauni moja. Noti nyingi hazikutolewa na serikali, zilitolewa na benki za biashara, kama inavyofanyika hadi leo. Benki ikitaka kutoa noti zaidi, ilipeleka pauni kwenye hazina maalumu iitwayo Mfuko wa Ubadilishaji, ikapewa cheti cha deni, kisha ikachapisha. Kwa hiyo kila dola iliyokuwa mfukoni mwa mfanyakazi wa kiwanda kule Kowloon, nyuma yake kulikuwa na kipande cha pauni kilichokaa London. Juu ya hizo, serikali ya koloni ilikuwa na tabia ya kutumia chini ya ilichokusanya, na ziada nayo ikapelekwa kule kule.

Mfumo huu tuujue, ulikuwa wetu pia. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1919, na ofisi yake ilikuwa London hadi 1960 ilipohamishiwa Nairobi. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja, ndiyo maana nyanya yangu hadi alipofariki aliita noti ya mbao "pauni". Hakuwa akifanya mzaha. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya dunia: shilingi ni kipande cha kitu kizima kilichoko kwingine.

Basi tufike Novemba 1967. Mwaka ule ulikuwa umeshakuwa mbaya Hong Kong. Mwezi wa Mei mgomo kwenye kiwanda cha maua ya plastiki, San Po Kong, ulikuwa umegeuka kuwa ghasia za miezi, zikichochewa na Mapinduzi ya Kitamaduni ya upande wa pili wa mpaka. Mabomu yalitegwa barabarani. Watu 51 walikufa. Serikali ilikuwa inatafuta namna ya kuwaonyesha watu kwamba bado iko imara na inawajali.

Jumamosi ya Novemba 18, serikali ya Harold Wilson ikatangaza kwamba pauni imeshushwa thamani, kutoka dola 2.80 za Marekani hadi dola 2.40. Hiyo ni asilimia 14.3 iliyopotea kwa tangazo moja. Uamuzi wa aina hii hautangazwi mapema, kwani ukivuja watu wanakimbia na pesa zao kabla ya siku yenyewe. Wilson alikwenda kwenye televisheni akawatuliza Waingereza kwamba pauni iliyoko mifukoni mwao haijapungua. Labda kwao ilikuwa kweli kiasi. Kwa mtu aliyeko Hong Kong anayeweka akiba yake kwa pauni na kununua mchele kwa sarafu nyingine, haikuwa kweli hata kidogo.

Wale wanaolipwa kutoka nje watanielewa haraka. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika zaidi ya shilingi 160. Mimi na wenzangu wengi tuliacha malipo yetu kwenye dola, tukijiona wajanja. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Hakuna aliyeniibia, hakuna aliyeingia kwenye akaunti yangu. Namba zilikuwa zile zile, lakini kodi ya nyumba niliyokuwa nimeihesabu haikutosha. Ukishika sarafu ya watu, umeshika pia maamuzi yao.

Hong Kong mwanzo ilifuata pauni chini, ikabaki kwenye 16. Lakini koloni lile lilinunua chakula chake kingi kutoka nje, na kushuka kwa sarafu kungepandisha bei mara moja, tena kwenye mwaka wa mabomu. Baada ya siku chache, Novemba 23, serikali ikageuza uamuzi na kupandisha dola yake kwa asilimia 10. Pauni moja ikawa dola 14.55. Wanunuzi sokoni wakapata nafuu. Lakini hapo hapo, kila pauni iliyokuwa London kwa niaba ya Hong Kong ikawa imepungua kwa dola 1.45 ikihesabiwa kwa pesa za nyumbani. Benki zilizokuwa zimeshika pauni zililia, na serikali ikazifidia kutoka kwenye Mfuko wa Ubadilishaji. Mfuko wa umma, yaani. Uamuzi umefanywa London, na hasara imelipwa na fundi cherehani wa Kowloon ambaye hajawahi kuona pauni kwa macho.

Na sisi huku? Benki kuu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Nchi zote tatu zilikataa kuifuata pauni. Shilingi ilibaki palepale dhidi ya dola ya Marekani, na pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Hatukuulizwa sisi pia, na akiba yetu iliyokuwa London ilipungua vile vile. Tofauti ni kwamba baada ya tangazo, waliokaa kuamua tufanye nini walikuwa watu wetu. Hong Kong haikuwa na hilo. Gavana wake, David Trench, aliteuliwa na London. Katibu wake wa Fedha, John Cowperthwaite, alikuwa ofisa wa utumishi wa kikoloni. Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa, wa kwanza walikuja kuingia 1985.

Nilipofika hapa nilidhani najua hadithi itakwendaje. Nilidhani nitasoma kwamba London iliandika barua, Gavana akajibu "ndiyo bwana", yakaisha. Maana hawa ni watu wa nyumba moja, na anayeuliza ndiye aliyemwajiri anayeulizwa.

Haikwenda hivyo.

Cowperthwaite alikuwa mtu mgumu. Ndiye anayejulikana kwa kukataa kukusanya takwimu za pato la koloni, akihofia kwamba zikipatikana kuna watu watataka kuzitumia kuingilia uchumi. Na tangu 1958 Hong Kong ilikuwa imepewa uhuru wa kupanga bajeti yake bila kuomba idhini ya London. Kwa hiyo 1968 ilipoanza, serikali ya koloni iliwaambia wakubwa wake jambo ambalo mamangu hakuweza kulisema barazani kwa ami: tumepoteza pesa kwa ajili yenu, na hatukubali ijirudie. Ama mtudhamini, ama tuanze kuzihamisha hizi pauni ziwe sarafu nyingine.

London ikashtuka, na ilikuwa na sababu. Hong Kong ilikuwa miongoni mwa wenye pauni nyingi zaidi duniani. Ikianza kuuza, wengine hawatasubiri. Kuna Kuwait, kuna Malaysia, kuna Australia. Pauni haikuwa na dhahabu wala dola za kutosha nyuma yake kuwalipa wote kwa pamoja. Angalia hapo jinsi deni linavyogeuza ukubwa: koloni dogo lililojazana kwenye miamba na visiwa, lisilo na kura wala maji ya kutosha, linaweza kuuangusha mji mkuu wa himaya kwa kuomba tu pesa zake.

Jibu la kwanza la London lilikuwa la Hong Kong peke yake. Katikati ya 1968 walikubali kutoa hati za deni zilizohesabiwa kwa dola ya Hong Kong, ili sehemu ya akiba isiguswe pauni ikishuka tena. Lakini haikuwezekana kumpa mmoja bila wengine kuuliza mbona wao hawakupewa. Septemba mwaka ule ule ukaja mpango mkubwa zaidi, uliopangwa Basel, Uswisi. Benki kuu za nchi tajiri ziliiwekea Uingereza mkopo wa kusimama nao wa dola bilioni 2. Nayo Uingereza ikaandikiana barua na nchi zilizokuwa na pauni: nitalinda thamani ya sehemu kubwa ya akiba yenu kwa kipimo cha dola ya Marekani. Pauni ikishuka tena, nitawalipa pengo. Nanyi mtaahidi kubaki na kiwango fulani cha pauni ndani ya akiba yenu, msipungue hapo.

Kila nchi ilijadiliana kiwango chake. Hong Kong ilipangiwa asilimia 99.

Nilisoma hiyo namba mara mbili. Wengine walipata nafasi ya kupumua, wakabaki na ruhusa ya kuweka sehemu ya akiba kwenye dola au dhahabu. Hong Kong ilifungwa karibu yote. Ni kweli kwamba ilipata kitu ambacho wengine hawakukipata: pauni za benki zake za biashara nazo ziliingizwa chini ya mwavuli wa dhamana kupitia serikali. Lakini asilimia 99 ni asilimia 99. Ukiisoma upande mmoja, ni ushindi wa Cowperthwaite, kwa sababu karibu kila kitu kimedhaminiwa. Ukiisoma upande wa pili, ni kamba. Na ndivyo ilivyokuwa ahadi ya ami pia. Hakuna atakayepoteza hata senti, ila hakuna ruhusa ya kutoa.

Dhamana ya 1968 ilikuwa ya miaka mitatu, ikaongezwa miwili. Hapo ndipo mashauriano yalipoanza kuwa ya kudumu, kwa sababu kila dhamana yenye tarehe ya mwisho inaleta swali: baada ya hapo je? Kufikia wakati huo waliokaa kwenye viti walikuwa wapya. Gavana alikuwa Murray MacLehose, Katibu wa Fedha alikuwa Philip Haddon-Cave. Swali lilikuwa lile lile.

Na dunia ilikuwa imebadilika chini ya miguu yao. Agosti 1971 Rais Nixon alikata kamba iliyoifunga dola ya Marekani kwenye dhahabu, na Desemba dola yenyewe ikashushwa thamani. Ikumbukwe dhamana ilipimwa kwa dola: pauni moja isipungue dola 2.40. Baada ya dola kushuka, pauni ilipanda hadi kupita dola 2.60. Vizuri? Si sana. Maana yake pauni ingeweza kuanguka kutoka 2.60 hadi 2.40 na London isilipe kitu. Ahadi haikuvunjwa hata kidogo. Rula tu ndiyo iliyofupishwa. Fundi yeyote wa nguo atakwambia hapo umepunjwa, hata kama namba kwenye karatasi ni zile zile.

Juni 1972 Uingereza ikaiachia pauni ielee. Hong Kong haikusubiri kuulizwa. Tarehe 6 Julai iliifunga dola yake kwenye dola ya Marekani, 5.65 kwa moja, na ndoa ya miaka 37 na pauni ikaisha. Lakini talaka ya sarafu haikuleta akiba nyumbani. Hesabu za kila siku sasa zilikuwa kwa dola ya Marekani, na sehemu kubwa ya mali ilikuwa bado pauni.

Mwisho wa 1972 dhamana ilijaribiwa kweli. Masharti yalisema London italipa ikiwa pauni itakaa zaidi ya asilimia 1 chini ya 2.40 kwa siku 30 mfululizo. Ikakaa. London ikalipa. Kwa hiyo tusiseme ilikuwa ahadi ya uongo. Ami naye alilipa awamu mbili za kwanza, tena kwa siku aliyosema.

Ilipofika 1973, muda wa mikataba ukiwa unakaribia kwisha Septemba, London ilikuwa na wenye akiba wengi wa kuzungumza nao na hamu ndogo ya kuendelea kulipa. Nini cha kufanya? Kuongeza muda kwa masharti yale yale? Kupima kwa kitu kingine badala ya dola? Kuacha kabisa? Hong Kong ilishauriwa, kama neno linavyoandikwa. Ikasema ilichotaka: ulinzi uendelee, na ile kamba ya kiwango cha chini ilegezwe. Kilichotoka mwishoni hakikuwa mkataba tena. Septemba 1973 Uingereza ilitoa tangazo la upande mmoja: dhamana kwa miezi sita, basi. Machi 1974 serikali mpya ya Labour ikatoa nyingine hadi mwisho wa mwaka, safari hii kwa kupima pauni dhidi ya wastani wa sarafu kadhaa. Kisha, Novemba 12, 1974, akisoma bajeti, Waziri wa Fedha Denis Healey akasema dhamana itakoma Desemba 31.

Kwa nini ghafla haikuhitajika? Kwa sababu ya mafuta. Bei ilikuwa imepanda mara nne tangu Oktoba 1973, na nchi zinazouza mafuta zilikuwa zimemimina pesa zao London. London ilikuwa imepata waweka akiba wapya, wakubwa kuliko Hong Kong. Aliyekuwa na nguvu ya kuondoka 1968 hakuwa na nguvu ile ile 1974, si kwa sababu alikosea popote, ila kwa sababu mdaiwa alipata mkopeshaji mwingine.

Tangu ilipoachana na pauni, Hong Kong ilikuwa imeanza kuhamisha akiba yake taratibu, na Novemba 1974 ikaiachia dola yake nayo ielee. Ilifanya vyema. Machi 1976 pauni ilishuka chini ya dola 2, na kabla mwaka haujaisha Uingereza ilikuwa inaomba mkopo IMF, kama sisi tu. Aliyekuwa bado amelala ndani ya pauni bila dhamana aliamka maskini zaidi.

Sasa nirudi kwenye neno. Kushauriwa.

Nimekuja kuona kwamba neno hili halina maana moja. Maana yake inategemea anayeulizwa anaweza kufanya nini akijibu "hapana". Yule mama wa samaki angeweza kuondoka, kwa hiyo kikao kwake kilikuwa mazungumzo. Mamangu hakuweza, kwa hiyo kwake kilikuwa taarifa. Hong Kong ya 1968 ilikuwa mama wa samaki, japo kwenye karatasi ilikuwa mpangaji. Hong Kong ya 1974 ilikuwa imerudi karibu na mpangaji. Katiba ya koloni haikubadilika kati ya miaka hiyo miwili. Kilichobadilika ni nani aliyemhitaji nani.

Lakini kuna kitu kingine kinachonisumbua zaidi, na hapa namshangilia Cowperthwaite kwa nusu mdomo tu. Alipigania akiba kama simba. Akiba ya nani? Zile ziada za bajeti zilitoka kwa watu waliokuwa wakiishi kwenye vibanda vya mabati na mbao juu ya vilima, wengi wao wakimbizi kutoka China bara. Elimu ya msingi ya bure ilikuja Hong Kong Septemba 1971. Hadi hapo, mzazi alilipa karo ya mtoto wa darasa la kwanza katika mji ambao serikali yake ilikuwa imeikopesha London mamilioni ya pauni. Mpango mkubwa wa nyumba, wa watu milioni 1.8, ulitangazwa na MacLehose 1972. Maafisa wa London na maafisa wa Hong Kong walibishana miaka sita juu ya thamani ya ile pesa italindwa vipi. Swali la kama ingetumika kwa wenyewe halikuwa mezani, kwa sababu wenyewe hawakuwa mezani.

Kwa hiyo "kuishauri serikali ya koloni" ilikuwa kushauriana na mweka hazina, si na chama. Mweka hazina mzuri, nakubali. Mkali, mwaminifu, asiyenunua tuktuk. Bado hakuchaguliwa na mtu.

Nilimsimulia mamangu haya yote jikoni, anakanda unga wa mahamri. Mimi nina tabia ya kumsimulia kazi zangu, na yeye ana tabia ya kusikiliza nusu. Safari hii alisikiliza. Nilipomaliza aliuliza swali moja: "Na wale wenye pesa, waliitwa?"

Nikamwambia hapana.

Akaendelea kukanda. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kabla ya kikao kile cha Jumapili, yule mama wa samaki alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba akiwaomba wasimame wote pamoja, maana ami hangeweza kuwafukuza wote viwanjani siku moja, angebaki na kiwanja kitupu na kodi ya nani? Walikubali. Walipofika barazani na kuona watoto wa ami wamekaa pale na kahawa imeandaliwa, wakaona haya. Kila mmoja akamngoja mwenzake aanze.

"Tungesimama," akasema, "angeuza tuktuk."

Ile awamu ya tatu haikuja hadi leo. Chama kilivunjika, wakaanzisha kingine. Pesa sasa zinakaa kwenye akaunti yenye sahihi za watu watatu, na ni lazima mmoja wao awe mtu asiyepanga kwa ami. Sheria hiyo waliitunga wenyewe. Mama wa samaki ndiye mwenyekiti.